Baiskeli Sita Nyuma ya Jeep

Vikundi vingi vimetuuliza namna chama chetu kilivyopata baiskeli, kwa sababu na wao wanataka kununua. Tutaeleza. Lakini tukieleza habari ya kununua peke yake tutakuwa tumewaficha nusu ya jambo. Kununua kulikuwa kazi nyepesi. Kazi ilikuwa kuzifikisha nyumbani, na katika kuzifikisha tulimuumiza mtoto wa watu. Hatupendi kuikumbuka siku ile. Tunaiandika ili kikundi kingine kisiirudie.

Mnaifahamu milima yetu. Viazi na maharagi tunavilima mbali na nyumba, na njia ya kuvileta ni mgongo wa mwanamke na kamba inayopita kwenye paji la uso. Chukudu ni chombo kizuri, hata mjini Goma wameisimamishia sanamu kwenye mzunguko wa barabara, lakini inataka mwanaume mwenye nguvu, na mwanaume huyo anataka kulipwa. Baiskeli ni tofauti. Siyo lazima uipande. Unalaza gunia juu ya karia, unafunga fimbo kwenye usukani, unaisukuma polepole, na mgongo wako unabaki mzima. Mama akishikwa na uchungu usiku, unamketisha juu yake mpaka kituo cha afya.

Basi katika sanduku letu la AVEC tulikubaliana kwamba mwisho wa mwaka hatutagawana faida yote. Waume wengine walinung'unika. Mmoja alisema baiskeli siyo chombo cha mwanamke. Tulimwuliza kama gunia la kilo 60 ndilo chombo cha mwanamke, akanyamaza. Tulipofungua sanduku, pesa zilitosha baiskeli sita za okazio.

Tulishuka Goma watatu: mama mwenyekiti, mama mweka hazina, na mwenzetu mwingine aliyekuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni. Tulikuwa pia na kijana wetu anayetengeneza baiskeli. Yeye alizungusha kila gurudumu, akavuta kila breki, akakataa mbili ambazo uma wa mbele ulikuwa umepinda. Kufika saa nane mchana tulikuwa na sita nzuri. Tulifurahi sana. Tulizisimamisha mstari mmoja ukutani kama wanafunzi wanaongoja kuingia darasani, tukaziangalia.

Kiisha ikaja shida ya kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na malori yalikuwa hayapandi huku kwetu. Tulipata jeep moja, Land Cruiser ya zamani, iliyokuwa inapanda siku hiyohiyo. Ndani kulikuwa kumejaa watu na magunia ya unga. Juu ya paa kulikuwa na magodoro. Shofere alitazama baiskeli zetu, akasema, "Nyuma kuna nafasi." Nyuma maana yake ni nje, kwenye mlango, pale panapotundikwa tairi la akiba.

Vijana wawili walizifunga. Walitundika ya kwanza juu ya tairi la akiba, wakailazia ya pili, halafu ya tatu, mpaka sita. Walizifunga zote kwa kamba moja ndefu, wakizungusha na kuzungusha, mwishowe fundo moja. Usukani wa kila baiskeli ulibaki umekaa vile unavyokaa ukiendeshwa, kwa hiyo ulitokeza kushoto na kulia kama pembe za ng'ombe wa Masisi. Taa za nyuma za gari hazikuonekana tena. Plaki ya namba nayo haikuonekana.

Sasa tuseme ukweli unaotuuma. Tuliona. Sisi watatu tuliona kwamba mzigo ule haukufungwa. Hakuna mwanamke hata mmoja wa Ngungu ambaye angefunga hata kuni namna ile. Tulitazamana sisi kwa sisi, na hakuna aliyefungua mdomo. Tulijiambia kwamba shofere anajua kazi yake. Tulijiambia kwamba tukisema sana atatuacha. Ndivyo tulivyozoea: ndani ya gari mwanamke analipa, anakaa, ananyamaza.

Kutoka Goma mpaka Sake ni barabara ya taifa namba 2, kilometa 25 hivi, na siyo mbaya. Hata hivyo tulisikia chuma kikigonga nyuma, ko, ko, ko. Tulisema ni baiskeli zinasalimiana. Sake tulisimama, watu wakanunua ndizi na mahindi ya kuchoma, sisi pia. Hakuna aliyezunguka nyuma ya gari kuangalia. Ingekuwa hatua kumi tu.

Baada ya Sake tuliacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Ninyi mnaijua njia hiyo wakati wa mvua. Gari linateleza, mkia unakwenda upande wake na kichwa upande wake. Ilikuwa saa za watu kurudi kutoka sokoni na watoto kurudi kutoka mtoni, na njia ilikuwa imejaa waendao kwa miguu. Kabla ya Karuba, kwenye kona, pikipiki tatu zilikuwa zinashuka. Shofere akakaribia ukingo ili azipishe. Mbele ya gari alipima vizuri, alipita karibu na watu bila kumgusa mtu. Lakini nyuma, kamba ilikuwa imelegea, baiskeli ya mwisho ilikuwa imeteremka na kutoka ubavuni kwa urefu wa mkono mzima. Yeye hakuiona. Katika kioo chake aliona magodoro na matope tu.

Shofere hakusikia kitu. Sisi tuliokaa nyuma ndio tuliosikia bidoni ikianguka.

Alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amebeba bidoni ya lita 20 kwa kamba ya kichwani, akaona gari, akajisogeza kando kama alivyofundishwa na wazazi. Gari lilimpita. Usukani wa baiskeli yetu ulimkamata mkono na kumtupa mfereji. Tulipiga kelele, gari likasimama mbali, baada ya kona. Tulirudi mbio kwenye matope. Alikuwa ameketi, halii, anautazama mkono wake, nao ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Bibi yake alitoka shambani na jembe bado mkononi. Tuliogopa. Watu walikuwa wamekwisha kusanyika, na sote tunajua hasira ya barabarani inavyoweza kuwaka. Bibi hakupiga kelele. Alimtazama mjukuu wake, akaitazama baiskeli iliyoning'inia, kiisha akamtazama mwenzetu mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amelala. Bibi aliushika ukingo wa kikwembe, akauvuta kidogo kuona kama umekaza, akasema, "Huyu mmejua kumfunga."

Hakuongeza neno. Lakini tangu siku ile sentensi hiyo haijatutoka.

Tulishusha baiskeli zote sita hapohapo ili gari ligeuke limrudishe mtoto Sake kwenye matibabu. Tuliziacha kwa watu wa kijiji kile, watu ambao tulikuwa tumetoka kumuumiza mtoto wao. Tulipozirudia kesho yake zote sita zilikuwepo, zimeingizwa ndani ya nyumba ili zisinyeshewe. Jambo hilo nalo tunaomba liandikwe.

Mkutano uliofuata wa chama ulikuwa mgumu kuliko yote tuliyopata kukaa. Wengine walisema kosa ni la shofere, yeye alipe. Shofere alitoa kidogo, na baada ya hapo hatukumwona tena. Wengine walisema ni ajali tu, ni mambo ya Mungu, tupeleke maharagi na pole. Mmoja alisema wazi kwamba tumeweka akiba mwaka mzima, hatuwezi kumpa mtu tusiyemjua. Maneno hayo si ya kumcheka aliyeyasema. Kila mmoja wetu alikuwa na mtoto anayengoja pesa za masomo kutoka sanduku lile.

Mama mweka hazina aliuliza swali moja: "Baiskeli zilizomgonga ni za nani?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena: "Wakati zinafungwa, nani aliona?" Sisi watatu tukainua mikono.

Tuliuza baiskeli moja, ile iliyokuwa nzuri zaidi. Pesa zake zilikwenda kwa mkono wa yule binti: plasta, dawa, safari za kurudi kuonyesha kwa daktari. Dada mmoja alitoka kwenye chama kwa ajili ya uamuzi huo, na mpaka leo hajarudi. Binti alikosa masomo kwa majuma mengi. Mfupa uliunga, lakini kiwiko chake hakinyooki chote. Anaandika, analima, anabeba, ila ukimwambia anyooshe mikono yote miwili utaona tofauti. Hatuwezi kusema jambo hili liliisha vizuri. Tunasema tu kwamba hatukukimbia.

Baada ya hapo tulikaa chini tukajiuliza: kama tunajua kumfunga mtoto, kwa nini hatukujua kuifunga baiskeli? Tuliona kwamba kujua tulijua. Hatukuthubutu kutumia akili yetu mbele ya gari la wengine. Miaka ya kukimbia vita na kurudi imetufundisha kubeba kila kitu: godoro, sufuria, mgonjwa, mtoto. Basi tuliandika kanuni zetu wenyewe, na tukawauliza mafundi wa garaji watusaidie pale tusipojua. Ndizo hizi.

Kwanza, nyuma ya gari pawe mahali pa mwisho kabisa pa kufikiria. Lori likiwepo, subiri lori. Paa likiwa wazi, panda paani. Wale walioona mashindano ya Tour du Rwanda yakifika Rubavu, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma, au picha za mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali mwezi wa Septemba 2025, wameona magari yanayowafuata wakimbiaji. Baiskeli zao zinasimama juu ya paa, zimeshikwa kwenye uma au kwenye magurudumu, kila moja kwa kishikio chake. Hakuna inayotokeza ubavuni kumngoja mtu apite. Sisi hatuna vishikio vile, lakini akili yake tunaweza kuiazima: ifunge ikiwa imesimama, na isizidi upana wa gari.

Pili, kabla ya kuipakia, ifanye baiskeli iwe nyembamba. Legeza usukani uugeuze ulingane na mwili wa baiskeli. Fungua pedali, au angalau ile ya upande wa nje. Gurudumu la mbele likitoka, litoe, ulifunge pembeni. Ufunguo mmoja wa fundi unatosha, na kazi haichukui hata nusu saa. Pedali na njugu zake weka ndani ya mfuko, mfuko ufungwe kwenye kiti, usije ukafika nyumbani na baiskeli isiyo na miguu.

Tatu, zisizidi mbili au tatu. Tairi la akiba na bawaba za mlango vilitengenezwa kubeba tairi, havikutengenezwa kubeba mzigo wa lori. Tena mafundi walitueleza jambo tusilolijua: uzito unaoning'inia nyuma kabisa, kupita magurudumu ya nyuma, unainua mbele ya gari. Kwenye mlima wenye matope usukani wa shofere unakuwa mwepesi na gari halimtii vizuri. Na mahali pa mashimo, baiskeli iliyoning'inia chini inagusa ardhi kabla ya gari.

Nne, iwe karibu na mwili. Mzigo ulio mbali na mgongo unakuvuta nyuma, na gari ni hivyohivyo. Weka gunia kuukuu kati ya gari na baiskeli ya kwanza, uikandamize hapo. Ya pili ielekee upande mwingine, ili usukani wa hii usigongane na wa ile. Angalia bomba la moshi: mpira wa gurudumu ukikaa mbele yake utaungua kabla hujafika Sake.

Tano, kila baiskeli na kamba yake. Kamba moja kwa zote ni sawa na kikwembe kimoja kwa watoto sita: mmoja akiteleza, wote wanalegea. Funga juu, funga chini, shika chuma cha mwili wa baiskeli, usishike waya za breki. Zile kamba za mpira tunazokata kwenye mipira ya ndani ya magurudumu ni nzuri, lakini mpira unavutika. Tanguliza kamba ya kawaida, mpira ufuate juu yake. Ncha zinazobaki zifungwe, zisije zikazungukwa na gurudumu la gari.

Sita, simama uangalie. Mama akitembea na mtoto, baada ya hatua chache anainama, anamrusha kidogo, anakaza kikwembe upya. Hafanyi hivyo kwa sababu alifunga vibaya. Ni kwa sababu kila kamba inalegea safari ikianza. Simamisha gari baada ya kilometa chache za mwanzo, simama tena kabla ya kuanza mlima, na tena baada ya kila mahali pabaya. Tikisa baiskeli kwa mkono. Ikitikisika na gari likatulia, fungua, funga upya.

Saba, mzigo uonekane, na taa zionekane. Hili siyo shauri letu tu. Nchi yetu ina sheria ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978, na iliukubali Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani. Mkataba huo unasema mzigo usifunike taa wala plaki ya namba, na kinachotokeza nje ya gari kiwekwe alama pale ambapo watu wanaweza kutokiona. Usiku, mzigo unaopita nyuma ya gari kwa zaidi ya meta 1, au unaotokeza ubavuni zaidi ya sentimeta 40 kupita taa ya pembeni, unatakiwa uwe na taa na kitu kinachong'aa. Kipande cha kitambaa chekundu kinapatikana kila nyumba. Na kama jua limekaribia kuzama, laleni, mwendelee kesho.

Ya nane haihusu kamba. Sema. Mzigo ni wako, na mdomo ni wako. Shofere anaangalia mbele, hiyo ndiyo kazi yake. Nyuma haoni. Anayeona ni wewe uliyeketi nyuma, na anayepigwa ni yule asiyekuwa hata ndani ya gari: mtoto wa bidoni, mama wa kuni, mzee wa fimbo. Shofere akikasirika, akasirike. Akikuacha njiani, utalala Sake. Sisi tungelala Sake majuma mawili kama tungeweza kuirudisha siku ile.

Msimu uliopita tulinunua baiskeli nyingine mbili, moja badala ya ile tuliyouza. Tulishuka Goma na kamba zetu kutoka nyumbani. Tulizifunga wenyewe nyuma ya jeep, wamama wanne, na vijana wa pale wakasimama wakicheka. Shofere aliangalia saa yake. Tulimwambia, "Baba, utungoje kidogo," akatungoja. Sake tulishuka tukazitikisa. Kabla ya mlima tulishuka tena.

Kwenye ile kona ya Karuba tulimwomba asimame. Bibi alikuwa nyumbani. Tulimletea chumvi na sabuni, akapokea. Kisha bila kuombwa alizunguka nyuma ya gari, akashika baiskeli ya nje kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zake zote. Gari lilitikisika pamoja nayo. Alifuta mikono kwenye nguo yake.

"Endeni," akasema. "Na mwende polepole, watoto wako mtoni."

Wamama wenzetu mnaojiandaa kununua baiskeli, karibuni kwetu siku ya posho baada ya mkutano wa AVEC. Tutawaonyesha namna ya kufunga. Kila mmoja aje na kamba yake.